Damu ya Nyumbani Kwanza

Niliitwa ofisini Jumatatu asubuhi nikaambiwa niende Dar es Salaam kuchukua chupa. Daktari, mkuu wa maabara yetu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinipa waranti ya reli, kisanduku cha bluu cha kubebea chanjo, na maagizo mawili. La kwanza, iwe baridi muda wote. La pili, isione mwanga.

"Usiifungue hata kwa kuchungulia," alisema. "Ikipigwa na jua dakika chache tu, tumebeba maji."

Niliandika yote mawili kwenye daftari. Tangu sekondari nimekuwa na daftari la mfukoni ambamo naandika saa, mahali na kilichofanyika. Wenzangu walinitania kwamba nilikosea mlango, nilipaswa kwenda gazetini, maana miaka ile magazeti mapya yalikuwa yanazaliwa kama vifaranga. Daftari la mwaka ule bado ninalo. Bila hilo nisingethubutu kusimulia haya.

Maabara yetu ya serikali pale Dodoma ilikuwa imewahi kuwa na watu saba. Sasa tulikuwa watatu. Huko nje kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: maduka ya dawa, vioski vya soda za kopo, mabanda ya mitumba hadi karibu na geti letu. Ndani mambo yalikuwa kinyume. Kila baada ya miezi kadhaa ilikuja orodha ya watumishi wa kupunguzwa, na kiti kimoja kilibaki kitupu. Hatukuagana kwa sherehe. Mtu alikunja koti lake jeupe akalitia mfukoni, akaenda.

Orodha iliyokuwa inasubiriwa mwaka ule ilikuwa na jina la Mama.

Sote tulimwita hivyo, hata Daktari. Alikuwa Mrangi wa milima ya Kondoa, mwembamba, mtandio wake daima umefungwa nyuma ya masikio ili usiguse hadubini. Alikuwa amesoma vioo vya damu kwa zaidi ya miaka ishirini. Kimelea cha malaria ambacho mimi nilikitafuta robo saa yeye alikiona kama mtu anayemwona jirani yake sokoni. Na alikuwa na desturi yake, aliyoachiwa na fundi mzee aliyemfundisha kazi kule Kongwa: kila asubuhi, kabla ya kugusa damu ya mtu yeyote, alijichoma kidole, akatandaza tone lake kwenye kioo, akalipaka rangi, akalisoma.

"Damu ya nyumbani kwanza," alisema. "Hii naijua. Ikinionyesha maajabu, najua tatizo ni rangi, si mimi."

Matumaini ya Mama kubaki kazini yalikuwa kwenye ile chupa. Wageni wa mradi mmoja wa utafiti walitaka kuchunguza watoto wanaougua homa mara kwa mara katika vijiji vya mkoa wetu. Walihitaji msomaji wa hadubini kwa mkataba, nje ya orodha ya serikali, na Daktari alikwishaandika jina la Mama. Lakini hawakutaka kutia saini kabla ya kuona majibu ya vioo vya kwanza. Majibu hayo yasingepatikana bila chupa.

Daktari alituchorea ubaoni kilichokuwa ndani yake. Mwilini kuna seli nyeupe ambazo kazi yake ni kukabili adui wa kwanza, yeyote yule, bila kungoja kumfahamu. Juu ya ngozi za seli hizo kuna kitu kinachoitwa kipokezi, ambacho ndicho kinachogundua kwamba bakteria ameingia. Chupani mlikuwa na kingamwili, iliyotengenezwa makusudi ili inase kwenye kipokezi hicho tu, nayo imefungiwa rangi inayong'aa ikimulikwa na taa maalumu. Rangi yenyewe hutolewa kwenye mwani mwekundu wa baharini. Pasipo kipokezi hakuna mng'ao. Wageni walidhani watoto wale wanavyo vichache kuliko wenzao.

Mama alisikiliza akiwa amekunja mikono. "Kwa hiyo hao ni sungusungu, walinzi wa kijiji," alisema. "Hawangoji polisi wala faili."

"Sawasawa, Mama."

"Na hicho kipokezi ni pua yao."

Daktari alifikiri kidogo. "Tuseme hivyo."

"Basi semeni hivyo tangu mwanzo. Wageni wanataka tuwahesabie sungusungu pua."

Tangu siku hiyo, kazi ile iliitwa kuhesabu pua.

Dar es Salaam nilikabidhiwa boksi la karatasi ngumu, dogo kama la sabuni ya kuogea, limezungushiwa karatasi ya fedha na gundi. Nililiweka kati ya vifuko vya barafu na kupanda treni jioni ileile. Nilikaa na kisanduku miguuni. Abiria wa behewa langu walipoona ninavyokifunika kwa koti kila mara, walianza.

"Huyu amebeba lambalamba ya bosi wake," alisema mmoja.

"Hapana, hiyo ni mahari," alisema mama mmoja aliyekuwa anamenya yai. "Angalia anavyoikumbatia. Mkwe ni mkali."

Nilicheka nao. Kwa hesabu yangu barafu ingedumu mpaka kesho yake mchana, na kesho yake mchana tungekuwa tumefika.

Tulifika Gulwe asubuhi, treni ikasimama, ikakaa. Baada ya saa moja tuliambiwa kwamba mvua ya usiku imemega tuta mbele yetu, na mafundi wanashindilia mawe. Kila aliyeulizwa alijibu muda wake: saa mbili, jioni, kesho. Watu waliteremka kununua viazi vitamu na maji. Jua lilitoka kana kwamba halikuhusika na mvua yoyote. Saa tisa alasiri nilifungua kisanduku nikakuta vifuko vimelegea, maji yanacheza ndani.

Nilitembea kutoka kituoni nikiuliza kila mtu nani ana friji. Nilielekezwa kwenye zahanati moja ndogo yenye friji ya mafuta ya taa. Nesi alikuwa anafagia baraza. Nilimsalimu, nikajieleza kwa urefu kuliko ilivyohitajika, kama anavyofanya mtu aliyechoka.

"Kaka, kwani umebeba nini?" aliuliza.

"Dawa ya maabara. Inataka baridi."

Alifungua friji. Chini mlikuwa na chanjo zimepangwa kwa unadhifu. Juu, nyuma ya kimlango kidogo, barafu ilikuwa imevimba nyeupe kuzunguka vifuko vyake.

"Niiweke chini au juu?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa. Sote wawili tulikuwa tumelelewa na matone ya polio. Kwenye kila semina tuliyohudhuria tulifundishwa kwamba matone yanaharibiwa na joto, na kwamba kwenye bohari kuu yanatunzwa yakiwa yameganda kabisa. Tulitoka pale na imani moja: baridi ikizidi, usalama unazidi. Kitu cha thamani hakiwekwi chini na vingine. Kilikuwa mgeni, na mgeni hupewa pahali pazuri.

"Juu," nilisema. "Kwenye barafu."

"Afadhali," alisema nesi. "Mimi nisingekubali lawama." Akasukuma vifuko vyake pembeni ili boksi langu lipate nafasi.

Kwenye daftari niliandika: saa kumi na robo, zahanati, friji, juu.

Asubuhi yake saa mbili nililichukua. Lilikuwa na umande mgumu wa barafu kila upande na nilifurahi nilipouona. Nesi alinipa vifuko viwili vyake vilivyoganda na akakataa nivirudishe. Saa nne treni iliondoka. Nilifika Dodoma na kisanduku kikiwa baridi, boksi sijalichungulia, sijalala.

"Baridi ilikuwepo?" Daktari aliuliza.

"Muda wote."

"Mwanga?"

"Haujaiona."

Alinipiga begani. Hakuniuliza jingine.

Umeme ulikuwa wa mgao. Upande wetu ulikuja saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili, basi kazi ya chumba cha giza ilikuwa ya mchana. Daktari alifungua boksi chini ya taa hafifu, akatoa chupa iliyo fupi kuliko kidole changu cha mwisho, na kuitupa kando karatasi ya maelekezo. Mimi siwezi kuona karatasi imetupwa. Niliiokota ili niitie kwenye faili, nikatoka nayo nje kuitoboa matundu, nikaisoma nikiwa nimesimama koridoni. Mstari wa nne ulikuwa kwa herufi nzito: itunzwe kwenye baridi ya friji, gizani, isigandishwe.

Agizo la tatu lilikuwa ndani ya boksi nililoagizwa nisilifungue.

Niliitoboa matundu karatasi. Niliitia kwenye faili na faili kwenye kabati. Nilijiambia kwamba huenda haikuganda, kwamba boksi lilikuwa gumu, kwamba usiku mmoja si mwaka. Kisha nikarudi chumba cha giza.

Mama alitaka kuanza kwa desturi yake. Alikwishatoa sindano. Daktari alimzuia.

"Matone haya yana idadi, Mama. Yanatosha vioo vya watoto tu. Hakuna tone la kukupima wewe."

Mama alimtazama, akarudisha sindano kwenye kasha. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini kusoma damu ya mtu bila kusoma yake.

Alisoma siku mbili. Mimi nilipaka na kuosha vioo, yeye aliinama kwenye hadubini, taa ya zebaki ikivuma kama nyuki. Kioo cha kwanza: giza. Cha pili: giza. Kwa taa ya kawaida seli zilionekana, nono na nzima. Akibadilisha taa, hakuna kitu. Alinitajia nami nikaandika kwenye rejesta, sifuri chini ya sifuri.

Daktari alipoona ukurasa alivua miwani. "Hakuna kabisa?"

"Mimi sioni," alisema Mama.

"Hili ni kubwa kuliko walivyodhani," alisema. Hakuwa mtu wa kutabasamu, lakini alitabasamu. "Wageni watatia saini wiki hii hii. Mama, wewe huondoki hapa."

Hapo ndipo kunyamaza kwangu kulipobadilika. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa woga. Sasa nilikuwa na sababu nzuri. Nikisema, chupa ni moja tu, nyingine ingeagizwa ng'ambo kwa miezi, na orodha ilikuwa njiani. Nisiposema, Mama anabaki kwenye kiti chake. Usingizi ulikataa kuja nyumbani kwangu, nikaja kazini siku ya tatu macho yakiwa mazito, nikapanga vioo kwa namba zao kama kawaida.

Umeme uliporudi saa nane, Mama alikuwa chumba cha giza peke yake. Daktari alikuwa ameenda posta kuwatumia wageni majibu kwa faksi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Njoo uniambie kama mimi mzima au nimekufa."

Niliinama. Giza tupu.

"Mtoto wa kijiji gani huyu?" niliuliza.

"Wa Kondoa. Ana wajukuu wanne."

Alinionyesha kidole chake cha kati chenye pamba. Alikuwa amekusanya masalio yaliyobaki kwenye ncha za mirija tangu juzi, tone la mwisho mwisho ambalo Daktari asingelihesabu, akapaka kioo cha damu yake.

"Nimehesabu pua zangu," alisema. "Sina hata moja. Na jana nimekula ugali na mlenda, nikasikia harufu yake tangu mlangoni. Lete kidole chako."

Nilileta kidole kama mtuhumiwa. Masalio yalitosha kioo kimoja kidogo. Tulingoja nusu saa yake, nikaosha, akatazama. Hakuniita nitazame.

"Na wewe huna," alisema. "Sasa tuko wafu wawili na watoto wote wale. Lete daftari lako."

"Daftari gani, Mama?"

"Mwanangu. Unaandika hata saa unayokwenda chooni. Lete."

Nilimpa. Alitoka nalo koridoni penye mwanga, akafungua kurasa kwa kidole chenye pamba. Nilisimama nyuma yake. Nilijua atakaposimama, na aliposimama alisoma kwa sauti ndogo: "Saa kumi na robo, zahanati, friji, juu."

Akafunga daftari.

"Juu kwenye barafu?"

"Ndiyo."

"Chupa hii haigandishwi?"

"Karatasi inasema isigandishwe. Iko kwenye faili."

"Umeisoma lini?"

"Siku ile ya kwanza."

Nje mtu alikuwa anapita anauza mihogo, akiita.

"Kwa hiyo wakati naita sifuri, na wewe unaandika sifuri, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nafikiria jina lako, Mama. Orodha…"

"Orodha naijua. Kabla yako naijua." Hakupandisha sauti. "Lakini usinifanyie hisani kwa damu za watoto wa watu. Kesho mtu atasoma kwamba watoto wa huku hawana sungusungu mwilini. Atawapa dawa gani? Na atakayekuwa amesema hivyo ni nani? Ni mimi, niliyeweka sahihi."

Alirudi ndani, akachukua rejesta na kalamu ya wino. Hakufuta sifuri, maabarani hatufuti. Alipiga mstari mmoja mlalo juu ya kila moja ili isomeke bado, akaandika pembeni: "Hakuna jibu. Rangi imekufa. Damu ya nyumbani haing'ai." Akaweka sahihi na tarehe. Kisha akanisogezea kalamu nami nikaweka yangu.

Daktari alirudi karibu na saa kumi na moja. Mama alimweleza mwenyewe, kwa sentensi chache, bila kutaja kwamba nilijua. Alisema tu kwamba ilipita kwenye barafu njiani. Daktari alisoma ukurasa mara mbili.

"Mama, unaelewa ulichoandika hapa?"

"Nimesoma vioo, Daktari."

"Faksi imekwenda."

"Basi itumwe nyingine."

Aliketi kwenye kile kiti cha kuzunguka, akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Nilidhani atanigeukia mimi. Aliuliza tu, macho yakiwa bado yamefumbwa, "Mimi nilikwambia isigandishwe?"

"Hapana, Daktari."

"Hapana," alisema. "Sikusema."

Wageni walijibu kwa adabu. Chupa nyingine ingeagizwa. Mkataba ungesubiri majibu. Orodha haikusubiri. Barua ya Mama ilifika mwisho wa mwezi uliofuata katika bahasha ya kahawia kama za wengine. Aliendelea kuja hadi siku ya mwisho, akijichoma kidole kila asubuhi, akisoma malaria.

Siku ile ya mwisho alinipa kifurushi kidogo cha karatasi ya fedha. Ndani mlikuwa na kioo chenye seli zake, alichokikausha na kukikaza kwa dawa kama tulivyofanya kwa vile vya watoto.

"Hiki ndicho kinacholala juu kwenye barafu," alisema. "Chupa inalala chini. Andika."

Niliandika. Alikunja koti lake, akalitia kwenye mkoba, akaenda zake stendi ya mabasi ya Kondoa. Sikuweza kumsindikiza, umeme ulikuwa unakuja saa nane na kulikuwa na vioo.

Chupa ya pili ilifika baada ya miezi mitano, safari hii kwa gari, ikiwa na karatasi nyekundu nje ya boksi. Daktari aliiweka kwa mkono wake kwenye rafu ya chini. Sasa tulikuwa wawili, basi msomaji nilikuwa mimi. Sikumwomba ruhusa. Nilitoa kioo cha Mama, nikakipaka, nikaosha, nikazima taa.

Zilikuwepo. Seli moja moja kati ya nyingi, na kila moja imezungukwa na pete nyembamba ya rangi ya chungwa, kama jiko la mkaa linavyoonekana kwa mbali. Rangi ile hufifia ukiitazama sana, kwa hiyo sikukaa. Niligeuka kumwita mtu, nikakumbuka. Niliandika kwenye rejesta: "Damu ya nyumbani inang'aa."

Kisha nikaanza vioo vya watoto, vile vya akiba tulivyokuwa tumevitunza kwenye barafu. Navyo viling'aa. Vyote, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, pua kwa pua sawa na za mtu mwingine yeyote. Dhana ya wageni ilikuwa na makosa. Walishukuru kwa kazi nzuri, na mradi wakauhamishia kwingine. Hakuna aliyetia saini chochote. Hata kama Mama angekuwepo, kiti chake kingedumu wiki tatu tu, mpaka wageni waondoke.

Nilimwandikia barua nikampa kondakta wa basi la Kondoa. Nilimweleza kwamba pua zake zipo, nyingi, na ziling'aa kama makaa. Sikuandika habari ya mradi. Sikujua niiandikeje.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili kwa kondakta yuleyule, pamoja na dumu dogo la asali. Lilikuwa kwenye karatasi ya daftari la shule, kwa mwandiko ule mnyoofu wa rejesta.

"Mwanangu, nashukuru kwa habari. Lakini damu yangu sikuwa na shaka nayo, shaka yangu ilikuwa chupa yako. Asali ni ya kwako na Daktari, mgawane, usiigandishe. Umeniandikia pua zangu tu. Za watoto je?"

Niliketi na karatasi ile mpaka umeme ulipokatika. Kisha nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika kwamba za watoto zipo zote, nikaenda stendi kumwahi kondakta kabla hajaondoka.